Mafuta ya mimea ya kuua mabuu ya tegu, maana yake nini hasa

Ukisikia mafuta ya zaatari au habasoda yanaua mabuu ya tegu usidhani ni ya kunywa halafu minyoo itoke chooni, hiyo ni stori nyingine kabisa. Tegu aliyekomaa anakaa kwenye utumbo, buu linajificha ndani ya nyama ya mwili. Tegu anayejaribiwa sana kwa mafuta haya ni Echinococcus granulosus, kamnyoo ka milimita chache tu ka kwenye utumbo wa mbwa, mayai yanatoka na kinyesi, kondoo akiyala au binadamu akiyameza kwa bahati mbaya basi buu linajenga mfuko wa maji, mara nyingi kwenye ini, na unakua taratibu kwa miaka.

Ndani ya yale maji kuna vichwa vidogo vya tegu, ukivitazama ni kama mchanga. Mfuko ukipasuka wakati wa upasuaji na maji yakamwagika tumboni, vichwa vinaweza kuanzisha mifuko mipya, na mzio wake unaweza kumuua mgonjwa palepale. Ndo maana madaktari huingiza kwanza kitu cha kuviua, mfano maji ya chumvi ya 20%, ila yakipenya kwenye mirija ya nyongo yanaiunguza vibaya. Kwahiyo watafiti wanasaka mmea utakaoua vichwa bila kuharibu ini, basi, hiyo ndo dhana nzima.

Kupima ni rahisi tu: ini la kondoo toka machinjioni, wananyonya maji kwa sindano, wanaviosha vichwa, wanavilowesha kwenye mafuta dakika 10, 30 au 60, halafu wanatia rangi ya eosini na kuangalia kwa hadubini. Kilichokufa kinakuwa chekundu, kilicho hai hakipokei rangi na unakiona kinajikunyata. Timoli na kavakroli, kemikali za kwenye zaatari, zinafanya vizuri hapo kwasababu zinavuruga utando wa seli.

Lakini hayo ni ya kwenye kichupa cha maabara jamani, hata spiriti inaua humo. Ukimeza, mafuta yanavunjwavunjwa na ini lako kabla hayajafika kwenye mfuko, ambao nao una ukuta mnene, na mafuta makali bila kuchanganywa yanakuunguza mdomo na koo bure. Dawa ya kumeza bado ni albendazoli, tena kwa miezi, chini ya daktari.

Na mwenye mfuko huu haoni mnyoo chooni, unaonekana kwa ultrasaundi, kwahiyo anayekwambia alikunywa mafuta akaona vipande vimetoka, huyo alikuwa na tegu mwingine.