Taa 16 za kumwonyesha mpigaji dramu alipowahi

Kijana mmoja ninayemfundisha dramu hupigia kwaya ya kanisani kwao kila Jumapili. Mkono wake wa kulia umetulia vizuri. Tatizo liko kwenye snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali: akifika pigo la nne anaiwahi, na baada ya beti mbili (beti kwangu ni kipimo kimoja cha mapigo, hapa manne) wimbo mzima unakimbia. Nilimwambia kwa maneno miezi kadhaa, hakuisikia. Siku nilipomwonyesha kwa taa, aliiona jioni hiyohiyo.

Seti za dramu za umeme zinarahisisha sana kazi hii. Moduli nyingi, yaani kile kisanduku kinachotoa sauti za seti, zina tundu la duara la pini 5 kwa nyuma, limeandikwa MIDI OUT. MIDI ni lugha ambayo vyombo vya muziki vya umeme huambiana nini kimepigwa. Kijiti kikigusa pedi, hapo hutoka ujumbe wa baiti 3. Ya kwanza inasema noti imepigwa na iko chaneli gani, na dramu kwa kawaida ni chaneli ya 10. Ya pili ni namba ya chombo: kwa mpangilio wa General MIDI, kiki (dramu kubwa ya mguu) ni 36, snea 38, haihati (matoazi mawili ya kanyagio) iliyofungwa 42. Ya tatu ni nguvu ya pigo, hadi 127. Ikija na 0 hilo si pigo, ni kuachia noti, na usipoichuja kwenye programu utapata mapigo ya uongo. MIDI ilitoka mwaka 1983 na kasi yake ni biti 31,250 kwa sekunde, maana yake ujumbe mzima hufika ndani ya milisekunde 1 hivi. Kwa mazoezi ya mdundo sihitaji zaidi ya hapo.

Wengi huniuliza kwa nini nisichomeke USB moja kwa moja kwenye Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta kinachosoma mapigo na kuwasha taa zangu. Ni kwa sababu moduli na Arduino ya kawaida zote mbili ni wageni. Kila moja inasubiri kompyuta iwe mwenyeji, na wageni wawili peke yao hawafungui mazungumzo. Tumia tundu la pini 5, upitishe mawimbi kwenye optokapla kama 6N138, kijisehemu kinachopitisha mawimbi kwa mwanga, ili umeme wa vifaa viwili usigusane.

Sasa niseme lililonipotezea wiki nzima. Nilianza na mkanda wa taa 60 aina ya WS2812, ambazo kila moja hupewa rangi yake, nikitaka mwanga mwingi. Ukipiga polepole, mambo safi. Ukipiga haraka, mapigo mengine yanapotea. Nililehemu upya kila kiungo, nikabadilisha kebo, hali ileile. Kumbe kila taa ya WS2812 inakula mikrosekunde 30 kupokea rangi yake, kwa hiyo 60 zinakula milisekunde 1.8, na muda wote huo Arduino Uno imeziba masikio. Baiti za MIDI zinaingia moja kila mikrosekunde 320. Chumba cha kuzipokea kinajaa, zinazofuata zinamwagika. Saa ya ndani ya Arduino nayo inaanza kubaki nyuma. Niliukata mkanda nikabakiza taa 16, ambazo humaliza kwa chini ya nusu milisekunde, na tangu hapo sijapoteza pigo. Hata umeme umepungua: taa 60 zikiwaka nyeupe kabisa zinaweza kuvuta ampea 3.6, hizi 16 hazifiki ampea 1.

Taa hizo 16 ni robo za mapigo manne, taa nne kwa kila pigo. Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, kutoka taa moja hadi nyingine ni milisekunde 150. Pigo likiangukia ndani ya milisekunde 20 za mahali pake, taa yake inawaka kijani. Likiwahi ni bluu, likichelewa ni nyekundu. Mlio wa metronomi unatoka kwenye Arduino hiyohiyo na kuingia kwenye moduli kupitia tundu la AUX, la kuingizia sauti ya nje, ili anayehesabu na anayepima wawe na saa moja.

Nimekataa kabisa kuzifanya taa ziwe metronomi, ingawa wanafunzi huniomba. Sikio hufuata mdundo kwa usahihi kuliko jicho linalofuata mwanga unaomweka, na mpigaji anayesubiri taa huacha kuwasikiliza wenzake. Taa zangu huwaka baada ya beti kuisha. Piga ukisikiliza, kisha tazama ulichofanya.

Ukiona bluu kidogo kila mahali, usishtuke. Watu wengi hutangulia mlio wa metronomi kidogo bila kujijua. Kinachonihangaisha ni rangi zinazorukaruka: bluu, nyekundu, bluu. Anayewahi kwa kiasi kilekile ana mdundo. Yule kijana wa kwaya alikuwa kijani hadi pigo la tatu, kisha bluu kali ya snea, beti baada ya beti, na hakuna nililolazimika kumweleza.

Kwa chakacha taa 16 hazifai, maana ni 6/8, yaani beti yake ina hesabu sita. Hapo natumia 12 tu. Mgawanyo wa mbili unaangukia taa ya 1 na ya 7, wa tatu unaangukia ya 1, ya 5 na ya 9. Nimeziwekea alama za kalamu pembeni, nyeupe kwa mbili, nyeusi kwa tatu, na mkono wa kushoto ukianza kuvutwa na wa kulia, naona pale pale ni mgawanyo upi umeachwa.