Kasi ya Ruta Siyo Inayofanya Simu za Intaneti Zisikike Vizuri

Wanunuzi wengi wa ruta za nyumbani huamini kwamba kadiri kasi iliyoandikwa kwenye boksi inavyokuwa kubwa, ndivyo simu za intaneti zitakavyosikika vizuri. Sivyo. Simu ya sauti inayotumia kodeki (mbinu ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 huhitaji takribani kilobiti 90 tu kwa sekunde kila upande.

Kinachoharibu mazungumzo ni foleni. Mtu mmoja nyumbani anapopandisha video mtandaoni, pakiti zake (vipande vidogo vya data) hujazana, na pakiti za sauti, ambazo kwa kawaida hutumwa kila milisekunde 20, hulazimika kusubiri nyuma yake. Ndipo unapobaki ukisema "haloo, haloo" huku mwenzako akisikia maneno yaliyokatikakatika. Kwa hiyo ulizia kwanza kama ruta inaweza kuipa sauti kipaumbele au kusimamia foleni kwa mbinu kama fq_codel, na kama inakuruhusu kuweka kikomo cha kupandisha kilicho chini kidogo ya uwezo halisi wa laini, maana bila hivyo foleni huhamia kwenye modemu (kifaa kinachounganisha nyumba na laini ya intaneti), ambako mipangilio yako haifiki.

Tundu la simu ya mezani lililo kwenye baadhi ya ruta linamhusu tu anayetaka kuchomeka simu ya zamani, na lisichanganywe na tundu la DSL (intaneti inayopita kwenye waya wa simu), ambalo hupokea laini tu.

Hakikisha pia kwamba SIP ALG, yaani sehemu ya ruta inayobadilisha ujumbe wa SIP (lugha ambayo simu za intaneti hutumia kuunganishwa), inaweza kuzimwa. Imewekwa kusaidia, lakini mara nyingi huvuruga anwani zilizomo kwenye ujumbe wa SIP, simu ikaita na kupokelewa, kisha sauti ikasikika upande mmoja.