Alsa na dawa za miti shamba: maswali yenye watu huuliza sana

Swali: Ile dawa ya miti shamba huuzwa kwa chupa pale stage, inatibu alsa kweli?

Jibu: Kwanza uliza alsa yako imeletwa na nini, na hapo ndio wengi wanaruka. Sanasana ni vitu viwili. Kuna bakteria inaitwa H. pylori, inaishi ndani ya ute wa tumbo, na kuna dawa za maumivu kama diclofenac, ibuprofen na aspirin, zile mtu ananunua kwa kemisti kila mgongo ukimuuma anameza tumbo likiwa tupu na anaendelea hivyo miezi na miezi. Zinatuliza maumivu sawa, lakini zinapunguza kemikali zenye mwili hutumia kulinda ukuta wa tumbo, ute unapungua, asidi inafika kwa nyama. Pilipili na stress zinaweza ongeza uchungu, ila kwa kawaida si zenyewe zilileta kidonda.

Swali: Si wanasayansi walipima mwarubaini na alovera wakapata zinalinda tumbo?

Jibu: Walipima, na si porojo. Lakini angalia venye wao hupima. Panya wananyimwa chakula, wanapewa maji ya mmea, baada ya kama saa moja wanapewa pombe kali ama indomethacin, dawa ya maumivu yenye huumiza tumbo. Halafu wanachinjwa, tumbo linafunguliwa, ile mistari myekundu ya vidonda inapimwa kwa milimita na kulinganishwa na panya waliopewa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, na wale hawakupewa dawa yoyote. Umeona? Dawa ilitangulia, kidonda kikafuata. Wewe uko na kidonda tangu mwaka jana, na pengine bakteria juu yake, yenye hao panya kwa kawaida hawakuwa nayo.

Swali: Kwa hivyo mimea haina kazi?

Jibu: Iko na kazi, na mimi sipendi vile watu huidharau. Ile tanini ya maganda, yenye hukausha mdomo ukitafuna, inakaza ngozi ya ndani ya tumbo. Mizizi ya likorisi ilitoa dawa kabisa, carbenoxolone, madaktari Uingereza waliitumia kwa vidonda miaka ya 60, lakini ilikuwa inapandisha presha na kushusha potasiamu. Kwa hivyo kitu kutoka shambani si lazima kiwe salama. Ule utomvu wa manjano wa alovera unaharisha vibaya, na kama una mimba, huo pamoja na mwarubaini achana nazo.

Swali: Mbona nikikunywa nasikia nafuu?

Jibu: Alsa huja na kwenda yenyewe, unaweza kaa wiki kadhaa bila uchungu na bakteria bado iko. Barry Marshall, daktari wa Australia, alikunywa hiyo bakteria mwenyewe 1984 akashikwa na tumbo, na 2005 yeye na daktari mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel kwa kuigundua. Siku hizi tunajua ni ya kuuliwa na antibiotiki, kutuliza peke yake haitoshi.

Swali: Nianzie wapi basi?

Jibu: Pima H. pylori, kuna ya choo na kuna ya pumzi. Kama unameza omeprazole, uliza daktari kama unaweza simamisha wiki 2 kabla, na antibiotiki wiki 4, juu zinaficha bakteria. Ikipatikana, kawaida ni antibiotiki 2 na omeprazole kwa siku 14, na tafadhali maliza zote hata kama siku ya 5 unasikia uko fiti. Lakini ukienda choo cheusi kama lami, ukitapika damu, ama tumbo likuume ghafla na likauke gumu, usingoje kupima kitu, kimbia emajensi hata kama ni usiku.

Swali: Nimwambie daktari nimekuwa nikikunywa miti shamba?

Jibu: Mwambie, na ubebe hiyo chupa. Hajakuja kukugombeza, anataka kujua kama inagongana na dawa anakupea, haswa kama uko kwa dawa za presha, za sukari ama za kufanya damu isigande.