Kabla sijagusa jino lako, toa ulimi nje

Mwezi uliopita alikuja dereva wa lori, miaka 50 na kitu, kashika taya. "Dokta, ng'oa tu hili, jioni nina safari ya Kahama." Alikuwa ananionesha jino la mbele la chini, na kweli lilikuwa linacheza. Nikagusa la pembeni yake, nalo likacheza. La tatu pia. Hakuna hata moja lenye tundu. Fizi zilikuwa nyekundu, zimevimba, ukizibonyeza unatoka usaha kama uji mwepesi. Miguuni kulikuwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu, na nusu yake alikuwa ameshainywa akisubiri kwenye benchi. Nikamuuliza usiku anaamka mara ngapi kukojoa. Akacheka: "Nne, tano. Si uzee huo, dokta?"

Nikamchoma kidole, mashine ya sukari ikasoma 19.4 (milimoli kwa lita). Kwa mtu mwenye kiu na mikojo ya namna ile, sukari ikifika 11.1 saa yoyote ya siku tunaanza kutaja kisukari. Alikuwa hajawahi kupimwa maishani.

Ugaga, yaani uchafu unaoganda kwenye meno, aliokuwa nao dereva huyu hata wewe unaweza kuwa nao. Ila sukari ikizidi kwenye damu, mishipa midogo inayolisha fizi inaharibika, chembe nyeupe za damu zinakuwa goigoi, mate yanapungua, na wadudu wa kinywani wanajitanua. Mfupa unaoshikilia meno unalika polepole mpaka meno mazima kabisa yanaanza kucheza. Cha ajabu, mambo huenda pia kinyume: fizi zikikaa zimevimba, insulini, homoni inayoshusha sukari, nayo inafanya kazi kwa shida, sukari inazidi kupanda. Tukikwangua ugaga ulioingia chini ya fizi, sukari ya wastani ya miezi mitatu hushuka. Hushuka kidogo tu, haichukui nafasi ya dawa, lakini ni kidogo cha maana.

Siku ile sikung'oa kitu. Kidonda cha mtu mwenye 19 hupona kwa taabu. Nilitoa usaha, nikampa dawa na barua ya kwenda kwa daktari wa sukari. Aliondoka amenuna, na simlaumu: mtu ana maumivu, amekuja kwa fundi wa meno, anatobolewa kidole.

Ndiyo sababu kila anayekaa kwenye kiti changu huanza kwa kutoa ulimi nje. Naangalia ulimi juu na chini, kaakaa, ndani ya mashavu, pembe za mdomo. Haifiki dakika mbili. Ulimi uliopauka na kulainika kama umepigwa pasi, na pembe za mdomo zimechanika, hunifanya niulize kuhusu upungufu wa damu, na kama mtu anatafuna udongo. Wajawazito hushangaa nimejuaje.

Utando mweupe unaokwanguka na kuacha wekundu ni fangasi. Kwa mtoto mchanga, kwa anayelala na meno bandia, au kwa anayevuta dawa ya pumu bila kusukutua, sishtuki. Kwa kijana wa miaka 25 asiye na sababu hizo, nafunga mlango na kuongea naye taratibu habari ya kupima VVU. Michirizi myeupe ubavuni mwa ulimi isiyokwanguka, au doa la zambarau kaakaani, nayo hunipeleka hukohuko. Siku hizi naviona mara chache kuliko nilipokuwa mwanafunzi. ARV zimefanya kazi yake.

Fizi zilizonenepa hadi kupanda juu ya meno, uliza dawa kwanza: nifedipini au amlodipini ya presha, fenitoini ya kifafa. Tafadhali usiache dawa kwa ajili ya fizi! Mrudie aliyekuandikia akubadilishie.

Wakati mwingine kinywa husingiziwa. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, mtu mzima wa nyumbani anamfunua mdomo, anaona fizi imetuna na kupauka pale chonge zitakapoota, anasema ni "meno ya plastiki". Yanachokolewa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Kinachotoka ni jino changa la chonge, na kuharisha kuko palepale.

Sasa kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini, hospitali moja huku Kanda ya Ziwa, mama alileta mtoto wa miaka sita mwenye gego lililolegea na shavu limevimba kidogo. Nikaona jipu. Nikang'oa, nikaandika dawa. Baada ya siku kumi walirudi, shavu limekuwa kama ngumi na jicho linasukumwa juu. Ilikuwa limfoma ya Burkitt, saratani ambayo seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Daktari Denis Burkitt aliwaona watoto wa namna hiyo hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957, akaandika habari zao mwaka uliofuata. Mwaka 1961 alizunguka na wenzake wawili kwa gari kama kilomita 16,000 kutazama uvimbe huu unapatikana wapi, na ramani yake ikaja kulingana na maeneo yenye malaria nyingi. Meno kulegea bila kuoza yalikuwa miongoni mwa dalili zake za mwanzo. Nilisoma haya yote chuoni, nikajibu na mtihani.

Ubaya wake ni kasi, na uzuri wake ni kwamba dawa za saratani huuyeyusha kwa kasi hiyohiyo. Wiki ya pili ya matibabu jicho lilikuwa limerudi mahali pake. Mama yake alimleta tena akiwa na miaka 11. Nilimwambia atoe ulimi, kisha nikatazama lile pengo langu. Jino la ukubwani lilikuwa limeota, limepinda kidogo, halichezi.