Rangi Peke Yake Haitoshi: Kuchagua Samaki wa Kuonekana kwa Tangi la Maji ya Chumvi

Lalamiko moja tunaloletewa na wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Mombasa halihusu samaki kufa, bali tangi kuonekana tupu. Mtu amenunua tangi la kioo la lita mia tatu, amepanga mawe vizuri, ametundika taa za bei, kisha akachagua samaki wanane wa rangi za kuvutia. Wiki mbili baadaye amekaa sebuleni jioni na wageni wake, wanatazama mawe. Samaki wote wako hai, ila wamo mapangoni.

Tatizo huanzia dukani. Tangi la duka halina mawe wala pango, kwa hiyo kila samaki anaonekana, hata yule ambaye baharini hatoki kabla ya magharibi. Mnunuzi anaona rangi, analipa, na kumpeleka samaki huyo mahali penye maficho kwa mara ya kwanza tangu avuliwe. Lazima ataingia mafichoni. Ndiyo maana tunashauri mnunuzi aulize mambo matatu kabla ya kuangalia rangi: samaki huyu hutembea saa ngapi, huogelea sehemu gani ya maji, na anamwogopa nani?

Chukua rangi nyekundu, ambayo wengi huikimbilia. Jamii ya Myripristis, wale samaki wekundu wenye macho makubwa, wanapendeza mno dukani. Lakini mwanga mwekundu ndio unaomezwa na maji mapema kuliko rangi nyingine. Ukishuka mita kumi hivi umebaki kidogo sana, na samaki mwekundu aliyeko huko huonekana kama kivuli tu. Wekundu wake ni wa kumficha. Mchana hujibanza chini ya miamba, usiku hutoka kuwinda. Jicho ni kipimo kizuri kuliko magamba: ukimwona samaki ana jicho kubwa kupita kiasi cha kichwa chake, jua huyo ni mtu wa zamu ya usiku, na wewe utakuwa umelala.

Kabla ya kununua chochote, panda mashua ya kioo, ile yenye kioo chini cha kutazamia bahari. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitengwa mwaka 1986, na mashua hutoka fukwe za Nyali na Bamburi kila siku bahari inaporuhusu. Nenda msimu wa kaskazi maji yakiwa meupe, mwambie nahodha asimame juu ya matumbawe, kisha usitazame rangi kwanza. Tazama nani yuko juu ya mwamba katika maji ya wazi, nani anapita tu, nani anachungulia kutoka shimoni na kurudi. Wale walio juu ya mwamba adhuhuri ndio watakaoonekana sebuleni kwako. Nusu saa ya namna hiyo inafundisha zaidi ya picha za simu, kwa sababu picha haioneshi tabia.

Utakaowaona kwa wingi pengine ni anthiasi, Pseudanthias squamipinnis, makundi ya samaki wadogo wa rangi ya chungwa wanaoelea juu ya matumbawe wakiwa wameelekea mkondo. Kama ningelazimika kuchagua aina moja tu kwa ajili ya kuonekana, ningechagua hawa. Wamekaa wazi mchana kutwa kwa sababu chakula chao, vijidudu vinavyoletwa na maji, hakiko mapangoni. Wengi katika kundi ni majike ya rangi ya chungwa. Dume ni mkubwa zaidi, wa waridi inayokaribia zambarau, na mwiba mmoja wa pezi la mgongoni umerefuka kama bendera. Wote huzaliwa majike. Dume akifa au akivuliwa, jike mkubwa hugeuka dume ndani ya wiki chache, rangi na yote. Kwa hiyo huna haja ya kununua madume mawili, na ukifanya hivyo katika tangi la nyumbani watapigana. Dume mmoja na majike wanne au watano, tangi lisilopungua lita mia nne, pampu inayosukuma maji kwa nguvu upande mmoja ili wapate mkondo wa kuukabili. Gharama yao halisi ni chakula. Hawawezi kukaa kwa mlo mmoja wa siku. Wanataka kidogo kidogo, mara tatu au zaidi. Mtu anayetoka nyumbani alfajiri kuvuka feri na kurudi usiku asiwachukue kama hana mtu wa kuwalisha.

Kwa tangi dogo, samaki wa anemoni, wale wanaoishi ndani ya mnyama laini wa minyiri inayowasha aitwaye anemoni, hawana mpinzani. Bahari yetu ina aina mbili zinazojulikana zaidi: Amphiprion allardi, mwenye mikanda miwili myeupe mwilini, na Amphiprion akallopisos, wa chungwa hafifu mwenye mstari mweupe mgongoni kama uzi. Baharini hawaachani na anemoni, lakini tangini wanaishi vizuri bila hiyo, na mgeni katika ufugaji asianze na anemoni, kwani ni ngumu kuitunza na ikifa huchafua maji yote. Nunua wawili wadogo. Mkubwa atakuwa jike, mdogo atabaki dume, na watachagua pembe yao na kuilinda mbele ya macho yako bila kujificha. Wakipatikana waliozalishwa kwenye vituo vya ufugaji, wachukue hao: wameshazoea kioo, wameshazoea chakula cha mkono, na mwamba haukupungukiwa.

Yuko pia Nemateleotris magnifica, mwembamba, mbele mweupe na nyuma kama moto, pezi limesimama mgongoni. Huelea juu ya shimo lake siku nzima. Ni mwoga, lakini woga wake ni wa kuingia shimoni na kutoka tena, na akiwa na majirani wapole hutoka zaidi. Tangi liwe na kifuniko cha wavu. Huyu huruka, na asubuhi utamkuta sakafuni.

Kwa rangi ya manjano na chungwa inayotembea huku na huku, Halichoeres iridis wa pwani yetu ya Afrika Mashariki ni chaguo zuri. Hulala akiwa amejizika mchangani, kwa hiyo anahitaji mchanga laini wa kina cha vidole vitatu au vinne. Siku za kwanza anaweza kutoweka kabisa. Usimchimbe. Saa yake ya mwili bado haijalingana na taa zako, atatoka mwenyewe.

Kangaja ni suala jingine. Kangaja buluu mwenye pezi la manjano, Acanthurus leucosternon, ndiye samaki ambaye watu hunionesha kwa kidole kwanza, na simlaumu mtu. Lakini huyu ni muogeleaji wa masafa. Katika tangi fupi hugeuka mkali, huvizia wenzake, na huwa wa kwanza kupata vidonda vyeupe vya Cryptocaryon, vimelea vinavyoonekana kama chembe za chumvi mwilini. Kama tangi lako halifiki lita mia tano na urefu wa karibu mita mbili, mtazame kwenye mashua ya kioo.

Wapo wa kukataa hata wakipewa bure. Kitatange wengi wa jamii ya Chaetodon, kama Chaetodon trifasciatus, hula nyama ya matumbawe tu. Ukimweka kwenye tangi la matumbawe atayamaliza. Ukimweka kwenye tangi lisilo na matumbawe atakufa njaa polepole huku rangi zake zikiwa bado nzuri. Pomacanthus imperator huuzwa akiwa mtoto, buluu iliyokolea yenye miduara myeupe, naye akikua hubadilika kabisa kuwa na mistari ya manjano na kufikia sentimita arobaini, akidonoa matumbawe njiani. Kikande ana akili na hukaa wazi, lakini kaa na kamba wote tangini ni kitoweo chake. Huyu pia ana kazi mwambani: tafiti zilizofanywa kwenye miamba ya Kenya zimeonesha kwamba kikande wakivuliwa kupita kiasi, wale wanyama wa miiba mirefu myeusi wanaotuchoma nyayo huongezeka na kuutafuna mwamba.

Anayenisikitisha zaidi ni Labroides dimidiatus, kisamaki chembamba cha mstari mweusi na buluu kinachosafisha samaki wengine. Kinauzwa kwa bei nafuu na kinavutia kukitazama kikiingia mdomoni mwa chewa na kutoka. Chakula chake ni vimelea na ute wa samaki wengine, na tangi la nyumbani halina wateja wa kutosha, hivyo wengi hudhoofika na kufa. Na huko baharini pengo lake linaonekana. Utafiti uliofanywa Australia uliondoa visamaki hivi kwenye miamba midogo kwa miaka kadhaa, na samaki wengine wa miamba hiyo wakapungua. Muuzaji akikwambia kitakusafishia samaki wako, mshukuru na uendelee mbele.

Synchiropus splendidus, yule wa buluu na chungwa kama kanga, hatoki kwetu. Huletwa kutoka Pasifiki ya Magharibi. Ni mmoja wa wanyama wachache mno wenye buluu ya kweli ndani ya ngozi, maana buluu ya samaki wengi ni mwanga tu unaovunjwa na chembe za ngozi. Pamoja na hayo yote, hutambaa kati ya mawe akitafuta wadudu wadogo kuliko punje ya mchele, na tangi changa halina wadudu hao. Muonekano haba, maisha mafupi.

Samaki sahihi wakishapatikana, wape mahali pa kujificha pa kutosha. Wengi hudhani mapango mengi yatawaficha samaki, wakayaondoa. Kinyume chake, samaki anayejua shimo lake liko karibu hutoka; asiye na shimo hubana pembeni nyuma ya pampu. Panga mawe nyuma na kando, yaache matundu ya pande mbili, mbele paachwe wazi. Waingize wapole kwanza na wakorofi mwisho kabisa. Dascyllus trimaculatus, yule mdogo mweusi wa madoa matatu meupe, huuzwa kwa wanaoanza kwa kuwa hafi ovyo, na akishalimiliki tangi huwafungia wengine wote ndani. Ni heri tangi likae wiki nne hadi sita bila samaki, bakteria wakijijenga kwenye mawe ili waiondoe amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuliko kulianza na huyu.

Taa nazo huamua unachokiona. Taa za buluu zinapendwa na wenye matumbawe, lakini chini yake samaki mwekundu na wa chungwa hupauka au kuwa mweusi, kama alivyo kule kwenye kina. Weka mwanga mweupe kwa saa ambazo uko nyumbani. Tena hakuna sheria inayosema mchana wa tangi uanze saa kumi na mbili asubuhi. Kwa saa ya umeme, washa taa saa saba mchana na uzime saa nne usiku; samaki watafuata taa, na wewe utawakuta macho ukirudi kazini. Jambo hili linasaidia pia joto, kwa kuwa taa hazitawaka asubuhi nzima. Kaskazi inapokaza, kati ya Januari na Machi, maji ya tangi Mombasa yanaweza kupanda kupita nyuzi 30, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Lenga 25 hadi 27. Feni inayopuliza juu ya maji hupunguza kidogo, si sana kwa unyevu wetu. Mwenye tangi kubwa atahitaji mashine ya kupoza. Na kwa siku stima zinapopotea, pampu ndogo ya hewa ya betri iwe karibu.

Maji yanayopungua kwa joto hujazwa kwa maji baridi yaliyochujwa, si ya bahari, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Maji ya kisima ya Mombasa mara nyingi yana chumvi yake, na ya mfereji yana klorini. Kama utachota bahari, chota nje kwenye maji yaliyojaa, si Kilindini wala ndani ya hori la Tudor, na si wakati wa masika.

Rangi ya chungwa, nyekundu na manjano kwa sehemu kubwa haitengenezwi na samaki mwenyewe. Huitoa kwenye chakula. Uduvi uliogandishwa kwenye friji, vipande vidogo vya kamba mbichi na mwani kwa kangaja vitamrudishia samaki aliyepauka rangi yake kwa wiki kadhaa. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji amlishe samaki mbele yako. Asiyekula, muache.

Kuvua samaki wa mapambo kunataka leseni ya uvuvi, na ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari (Marine National Park) hakuna kuvua kabisa, hata kwa kimia cha mtoto. Matumbawe na mawe yenye uhai yabaki mwambani. Matumbawe magumu yote yamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Muulize muuzaji samaki alivuliwa wapi na kwa kutumia kitu gani. Wavuvi wetu wengi hutumia nyavu za mkono, lakini samaki wa kuletwa kutoka Asia ya Kusini-Mashariki huenda amevuliwa kwa sumu ya sianidi, na huyo huweza kula vizuri wiki ya kwanza kisha akafa bila sababu inayoonekana.

Siku utakapomchoka samaki au atakapokushinda ukubwa, usimpeleke ufukweni. Samaki wa miiba ya sumu wa jamii ya Pterois, ambao asili yao ni bahari zetu za Hindi na Pasifiki, walionekana Florida mwaka 1985, na leo wameenea Karibi nzima wakiwala samaki wa huko wasiowajua. Hata samaki wa mwamba wetu wenyewe akiwa amekaa tangini na wageni anaweza kurudi na vimelea visivyo vya hapa. Mrudishe dukani, au mpe mfugaji mwenye tangi kubwa zaidi.