Vimeng'enya na homoni: tusivichanganye

Nimechoka na huu msemo wa "homoni zimepanda". Hapa Mombasa kila kitu siku hizi ni homoni, chunusi homoni, unene homoni, dada hashiki mimba homoni, na kijana wa jim akianza kuota matiti basi yasemwa kaingiliwa na homoni za kike, zimeingilia wapi hakuna anayeuliza. Kisha atokea mwengine na kusema "ni vimeng'enya hivyo", kana kwamba ni jina jengine la homoni. Sivyo.

Kwa haraka tu: homoni ni kemikali ya kupeleka ujumbe, yatoka kwenye tezi na kupita kwa damu mpaka inapotakikana. Kimeng'enya ni protini inayogeuza kemikali moja ikawa nyengine, yenyewe hubaki vile vile na kushika nyengine tena. Steroidi nayo ni ukoo wa kemikali, na zile za mwilini zote zaanzia kwa kolesteroli, hiyo hiyo watu wanayoiogopa. Kotisoli, aldosteroni, projesteroni, testosteroni, estradioli, wote ni watoto wa kolesteroli na vimeng'enya ndivyo vinavyoamua nani awe nani.

Sasa kinachonikera ni hichi. Watu wazungumza kuhusu testosteroni na estradioli kama vitu viwili visivyojuana, hii ya waume hii ya wake, kumbe estradioli yatengenezwa kutokana na testosteroni, moja kwa moja! Kimeng'enya chenyewe chaitwa aromatesi, na kiko kwenye ovari, kwenye mafuta ya mwili, kwenye ubongo, kwenye mifupa, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Hata mwanamke hapati estrojeni, yaani homoni za kike kama hiyo estradioli, mpaka mwili wake utengeneze kwanza hizo tunazoziita za kiume. Kwa hivo kijana anayejidunga testosteroni ili misuli ijae, hakuna aliyemtilia homoni za kike, kajidunga mwenyewe malighafi kupita kiasi na aromatesi ikafanya kazi yake ya kila siku. Na msidhani hiyo estradioli ni uchafu kwa mwanamume, mifupa yake yaitaka. Miaka ya 1990 madaktari walimuelezea mwanamume wa miaka 24 aliyezaliwa na hitilafu ya aromatesi, alikuwa na urefu wa sentimita 204 na bado anarefuka, mifupa yake haijafunga na ni dhaifu, na testosteroni anayo tele.

Testosteroni hiyo hiyo ikikutana na kimeng'enya chengine, alfa-redaktesi, yawa dihidrotestosteroni ambayo ni kali zaidi, na hiyo ndiyo inayohusika na upara na kukua kwa tezi dume. Dawa kama finasteride haigusi testosteroni yenyewe, yazuia kile kimeng'enya. Ndio mtu aweza kupata upara na damu yake ikipimwa testosteroni iko sawa kabisa.

Lakini mfano ninaotamani kila mtu aujue ni wa urukususu, ule mzizi mtamu watu wanaotafuna au kuchemsha kwa ajili ya kikohozi. Iko hivi. Kwenye figo kuna vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa homoni, vya aldosteroni, homoni inayoiambia figo ishike chumvi na itoe potasiamu. Tatizo ni kwamba vipokezi hivyo haviwezi kuitofautisha na kotisoli, na kotisoli kwenye damu ni nyingi mno kuishinda aldosteroni. Ingeachiwa tu ingevijaza vyote. Haivijazi kwa sababu pale pale ndani ya seli za figo kuna kimeng'enya kimekaa kama bawabu, kila kotisoli inayoingia chaigeuza kotisoni, ambayo haina nguvu kwa vile vipokezi. Sasa urukususu una gliserizini na hiyo yamzuia bawabu. Mtu akiutumia mwingi siku baada ya siku, kotisoli yapita na kuiamrisha figo kana kwamba ni aldosteroni, chumvi na maji yabaki mwilini, presha yapanda, potasiamu yashuka, misuli yalegea na hata mapigo ya moyo yaweza kuvurugika. Na mpime huyo mtu! Kotisoli ya kwenye damu mara nyingi iko kawaida, na aldosteroni imeshuka. Hakuna homoni iliyopanda hapo.

Kwenye ini kuna kimeng'enya kinachofanya kinyume cha yule bawabu wa figo, chaiwasha upya kotisoni iwe kotisoli, na ndicho kinachofanya vidonge vya prednisone, dawa ya kutuliza uvimbe, viwe na maana, manake kidonge hicho chamezwa kikiwa hakijaamka na ini ndio hukigeuza prednisolone, ambayo ndiyo inayofanya kazi.

Kwa hivo ndugu zangu, majibu ya damu yakisema homoni iko sawa, yasomeni hivyo tu, kwamba kwenye damu iko sawa. Kwenye figo, ngozi ya kichwa au tezi dume ni habari nyengine. Na mkimuona mzee mwenye presha anatafuna urukususu kila siku, msimwambie homoni zake zimeharibika. Mwambieni kwa upole kwamba huo mzizi wazuia kimeng'enya kwenye figo zake, auwache, na amtajie daktari kwamba alikuwa akiutumia, manake asipoutaja yeye huenda asiulizwe.