Jules Verne Hakuwa Mtabiri: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Mwandishi Aliyerusha Puto Kutoka Unguja

Mwandishi Mfaransa Jules Verne, aliyezaliwa Nantes tarehe 8 Februari 1828 na kufariki Amiens tarehe 24 Machi 1905, anajulikana zaidi kwa masimulizi yanayomhusu kuliko kwa vitabu alivyoviandika. Husemwa kwamba alitabiri nyambizi, kwamba aliiona safari ya mwezini karne nzima kabla haijafanyika, kwamba aliandikia watoto, na kwamba alikuwa mshabiki wa mashine asiye na shaka yoyote. Mengi ya hayo hayasimami mtu akivifungua vitabu vyenyewe, na kwa msomaji wa Kiswahili pa kuanzia ni Unguja, kwa sababu ndiko riwaya yake ya kwanza ya safari ilikoanzia.

Riwaya hiyo, Wiki Tano Angani kwa Puto, ilichapishwa tarehe 31 Januari 1863. Ndani yake Dakta Samuel Fergusson, rafiki yake Dick Kennedy na mtumishi wao Joe wanapaa kutoka kisiwa kidogo jirani na Unguja na kulivuka bara zima hadi Senegal. Kwa jinsi mito, umbali na bidhaa za sokoni zilivyoelezwa, ni rahisi kudhani kwamba mwandishi aliwahi kupita huku. Hakupita. Alifika Afrika ya kaskazini tu, Algeria na Tunisia zikiwemo, tena miaka mingi baada ya kitabu kutoka. Habari za Kaze, ambayo leo ni Tabora, alizipata katika maandishi ya wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke, waliofika huko Novemba 1857 kwa njia ya misafara ya biashara.

Hapa pana dhana nyingine iliyojificha, kwamba kitabu chenye ramani nzuri kina picha nzuri ya watu pia. Verne anawaonyesha watu wa Unguja wakitaka kuliangamiza puto kwa kuamini kwamba wasafiri wanalitakia mabaya jua na mwezi, ilhali Unguja ya miaka ile ilikuwa bandari ya Waislamu chini ya Sultani Majid bin Said, yenye makonsuli wa nchi za nje, wafanyabiashara wa Kihindi na meli za kila bendera. Huko Kaze wenyeji wanawadhania wageni kuwa wana wa mwezi, na mahali pengine wahusika wanafanya mzaha wa kuwafananisha Waafrika na nyani. Mzaha huo haukutoka kwenye vipimo vya wasafiri. Ulitoka kwenye dharau ya Ulaya ya wakati ule, na Verne aliichukua bila kuihakiki, yeye aliyezoea kuhakiki kila tarakimu. Wanaomtetea kwa kusema kuwa alikuwa mtu wa zama zake wana hoja, lakini hoja hiyo haiondoi kilichoandikwa.

Kuhusu Nile, wapo wanaosema alitabiri chanzo chake, kwa kuwa Fergusson anauona mto ukitoka katika ziwa ambalo Speke alilipa jina la Malkia Victoria, na habari za uthibitisho wa Speke ziliifikia Ulaya baada ya riwaya kuchapishwa. Ukweli ni kwamba Speke aliliona ziwa hilo kutokea upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akarudi Uingereza akishikilia kwamba ndilo chanzo cha Nile, na mabishano yake na Burton yakajaa magazetini. Verne alichagua upande mmoja wa ubishi uliokuwa ukiendelea, na upande aliouchagua ukathibitika.

Utaratibu huohuo ndio uliozaa nyambizi ya Nautilus katika riwaya ya Ligi 20,000 Chini ya Bahari, iliyotoka mwaka 1869 na 1870. Mholanzi Cornelis Drebbel alikwisha kuongoza chombo chini ya maji ya mto Thames karibu mwaka 1620, Mmarekani Robert Fulton alijenga nyambizi iliyoitwa hilohilo Nautilus mwaka 1800, na jeshi la majini la Ufaransa lilishusha Plongeur majini mwaka 1863, kisha mfano wake ukaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1867. Alichoongeza Verne ni ukubwa, starehe na umeme, na juu ya yote nahodha mwenye siri. Nambari 20,000 katika jina la kitabu nayo huchukuliwa kuwa kina cha bahari, jambo lisilowezekana kabisa, kwa sababu ligi, kipimo cha Kifaransa kilichokusudiwa, ni sawa na kilomita 4, na jumla ya kilomita 80,000 ingekuwa zaidi ya mara sita ya kipenyo cha dunia. Ni urefu wa safari iliyofanywa chini ya maji.

Madai makubwa kuliko yote ni ya mwezini. Riwaya mbili, ya 1865 na ile iliyoifuata mwaka 1869, zinawapeleka watu watatu kutoka Florida, wanauzunguka mwezi bila kutua, kisha wanaanguka katika Bahari ya Pasifiki na kuokolewa na meli ya Marekani. Kufanana kwake na safari ya Wamarekani ya Apollo 8 iliyouzunguka mwezi Desemba 1968 kunashangaza kweli, na sehemu yake si bahati tupu: Verne alisaidiwa mahesabu na binamu yake Henri Garcet, mwalimu wa hisabati, na kasi aliyoitumia, takriban kilomita 11 kwa sekunde, ndiyo kasi inayohitajika kuushinda mvutano wa dunia. Lakini chombo chake hakirushwi kwa roketi. Kinafyatuliwa kutoka katika mzinga wenye urefu wa futi 900, yaani kama mita 274, na kitu kinachofikia kasi hiyo ndani ya umbali mfupi hivyo hupata msukumo unaozidi mvutano wa kawaida wa dunia zaidi ya mara 20,000. Abiria wangepondwa kabla hawajatoka mdomoni mwa mzinga. Vilevile aliamini kwamba watu hupoteza uzito mahali pamoja tu, pale mvutano wa dunia na wa mwezi unapolingana, ingawa chombo kikishafyatuliwa na injini hakina, waliomo hawana uzito njia nzima. La ajabu ni kwamba alikuwa na jibu mkononi: mzoga wa mbwa wanaoutupa nje unaendelea kufuatana na chombo, na ilibaki hatua moja tu kujiuliza kwa nini waliomo ndani wasielee vivyo hivyo.

Hata hivyo kosa la mzinga lilizaa matunda. Hermann Oberth aliisoma hadithi hiyo akiwa mtoto na baadaye akashughulika na hesabu zilizoonyesha kwamba mzinga haufai, na Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi alikiri kwamba hamu yake ya safari za angani ilianzia kwa Verne. Wote wawili wamo miongoni mwa waasisi wa elimu ya roketi, na kwangu huu ni urithi mzito kuliko orodha ya mambo yanayosemwa kuwa alibashiri. Verne mwenyewe hakujiita mtabiri. Aliwaeleza waliomhoji kwamba alisoma magazeti na majarida kila siku na kuweka maelfu ya madondoo.

Sifa ya kuwa mwandishi wa watoto ina chanzo kinachoeleweka, kwani mchapishaji wake Pierre-Jules Hetzel alizitoa hadithi nyingi katika jarida la familia, lakini tafsiri za Kiingereza ndizo zilizolikuza jambo hilo. Tafsiri ya Lewis Mercier ya hadithi ya Nautilus iliondoa karibu robo ya maandishi, hasa sayansi, na kuacha makosa ya hesabu ambayo wasomaji walimtwika mwandishi. Kapteni Nemo, nahodha wa Nautilus ambaye wengi humwazia kuwa Mzungu, anafunuliwa katika riwaya ya Kisiwa cha Ajabu kuwa mwana wa mfalme wa Kihindi aitwaye Dakkar, aliyepoteza familia yake baada ya maasi ya 1857 dhidi ya Waingereza; nayo tafsiri ya Kiingereza ya 1875 iliyalegeza maneno yake makali dhidi ya utawala huo. Puto la Phileas Fogg halimo kabisa katika kitabu cha kuzunguka dunia kwa siku 80. Liliingizwa na filamu ya 1956.

Kisa cha Verne kutoroka nyumbani akiwa mvulana ili apande meli, kisha kuahidi kwamba hatasafiri tena ila kwa mawazo, kilienezwa na jamaa yake Marguerite Allotte de la Fuÿe mwaka 1928, na watafiti hawakipi uzito. Verne huyohuyo alivuka Atlantiki mwaka 1867 kwa meli ya Great Eastern akafika maporomoko ya Niagara, na alimiliki mashua tatu, moja baada ya nyingine.

Husemwa pia kwamba aliifurahia sayansi ujanani na kuichoka uzeeni. Lakini mapema katika miaka ya 1860 alikuwa amemaliza riwaya kuhusu Paris ya mwaka 1960, mji wa fedha na mitambo ambamo mshairi kijana anakosa kazi, chakula na msomaji. Hetzel aliikataa, na mswada wake ukapatikana katika sanduku la chuma la familia mwaka 1989, ukachapishwa 1994. Kwa upande mwingine, baadhi ya riwaya za mwisho zinazotumika kuuelezea uzee wake zilibadilishwa sana na mwanawe Michel baada ya baba kufa, zikatoka kwa jina la baba peke yake. Miswada ya asili ilianza kuchapishwa na chama cha Société Jules Verne katika miaka ya 1980, kwa hiyo anayetaka kujua Verne wa mwisho aliwaza nini hana budi kuangalia kwanza ni toleo lipi analolisoma.